Profesa wa Ngumbaru na Mizani ya Chuo Kikuu

Methali za Kiswahili hazina msimamo mmoja kuhusu umri wa kujifunza. Upande mmoja zipo zinazohimiza haraka: samaki mkunje angali mbichi, udongo uwahi ungali maji. Upande wa pili wahenga wanasema kwamba elimu ni bahari, na kwamba elimu haina mwisho. Mifumo ya elimu ya Afrika Mashariki, tangu enzi ya mkoloni, imejengwa juu ya methali za upande wa kwanza. Mtoto huingia darasa la kwanza, hupanda ngazi kwa mitihani, na anayeteleza huachwa papo hapo chini ya ngazi. Methali za upande wa pili husomwa katika hotuba za mahafali, kisha watu huenda zao.

Hata hivyo, katika chuo kikuu yumo mhadhiri ambaye kazi yake yote imesimama juu ya methali hizo za pili. Cheo chake kwa urefu ni profesa wa elimu ya watu wazima na ujifunzaji wa maisha yote. Mzaha wa vijia vya chuo humfupisha akawa profesa wa ngumbaru. Makala haya yanashikilia kwamba kazi ya profesa huyu ni usomi kamili wala si hisani. Yanashikilia pia kwamba vyuo vikuu vinaipima kwa mizani isiyoifaa, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili, kuliko wengine wote, wana sababu ya kulitetea jambo hili.

Jina na kejeli yake

Heri kuanza na jina, kwa kuwa aliyesoma lugha anajua kwamba jina hubeba hukumu. Nchini Kenya masomo ya watu wazima yalienea kwa jina la ngumbaru, hasa baada ya mwaka wa 1979, serikali ilipounda Idara ya Elimu ya Watu Wazima na kutangaza kampeni ya kitaifa ya kisomo. Neno likaingia mitaani, na huko mitaani likageuka. Leo kijana akichelewa kuelewa jambo, wenzake humshauri kwa kicheko aende ngumbaru. Si ajabu basi kwamba wapo watu wazima wanaokwenda darasani na daftari limefichwa ndani ya gazeti.

Wataalamu nao hawajaafikiana. Wapo wanaosema elimu endelevu, wengine elimu ya kudumu, na wengine ujifunzaji wa maisha yote. Istilahi ya kwanza ina kasoro moja: neno endelevu limekwisha kutwaliwa na wanauchumi na wanamazingira, na msikilizaji hudhani kinachozungumziwa ni misitu na bajeti. Istilahi ya mwisho ni ndefu, lakini inaweka mkazo panapostahili. Inamtanguliza anayejifunza badala ya anayefundisha, na inayakumbatia maisha yote badala ya utoto peke yake. Ndani yake anaenea mama anayejifunza herufi, fundi wa magari aliyekutana na injini inayoendeshwa kwa kompyuta, muuguzi anayerudi chuoni kutafuta shahada baada ya miaka 20 wodini, na mstaafu anayetaka kuandika historia ya ukoo wake.

Asili ya kazi na ratiba yake

Uprofesa wa taaluma hii si jambo lililozuka jana. Mwaka wa 1919 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilitoa ripoti iliyosema kwamba elimu ya watu wazima si anasa ya wachache bali ni hitaji la taifa, na kwamba inapaswa kuwa ya wote na ya maisha yote. Mwaka uliofuata chuo cha Nottingham kilianzisha idara ya elimu ya watu wazima, na mwaka wa 1922 Robert Peers akawa profesa wake. Yeye ndiye hutajwa kuwa profesa wa kwanza wa taaluma hiyo.

Afrika Mashariki haikukawia sana. Chuo cha Makerere kilifungua idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka wa 1953. Nchini Kenya, chuo cha watu wazima kilianza Kikuyu mwaka wa 1961, kikaja kuwa taasisi ya elimu ya watu wazima chini ya chuo kikuu kilichokuwa kikichipuka Nairobi. Mwaka wa 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka wa 1967 kikaanzishwa hapo Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta na redio, ambacho kiliwasaidia walimu wa shule za msingi kujiendeleza bila kuacha madarasa yao. Kwa maneno mengine, kabla ya mtu yeyote nchini kusikia habari za masomo ya mtandaoni, chuo kikuu kilikwisha kumfikia mwanafunzi wake nyumbani kwa bahasha na redio ya betri.

Ratiba ya profesa wa taaluma hii haifanani na ya wenzake. Mhadhiri wa fasihi akimaliza kipindi cha saa kumi alasiri huenda zake maktabani. Huyu ndio kwanza anaanza, kwa kuwa wanafunzi wake wanatoka kazini saa kumi na moja na wanakuja na njaa. Jumamosi yake ni siku ya kazi. Likizo za shule, ambazo wengine huzitumia kupumzika, ndizo siku zake za msongamano, kwani ndipo walimu huja chuoni kwa vikao vya ana kwa ana. Darasani hukutana na naibu wa mwalimu mkuu, sajini wa polisi, kasisi na mama wa watoto watano, baadhi yao wakimzidi umri. Inambidi ajue namna ya kumsahihisha mtu wa makamo bila kumvunjia heshima mbele ya watu. Ujuzi huo hauna mahali pake katika wasifu wa kitaaluma, lakini bila huo darasa humalizika wiki ya tatu.

Nje ya chuo kazi ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Profesa huyu huenda kulitazama darasa linalofanyika kanisani siku zisizo za ibada, au shuleni baada ya watoto kuondoka. Huzungumza na mwalimu wa kituo, mara nyingi mtu anayelipwa kidogo kwa kazi ya muda. Huuliza ni wangapi walioandikishwa, wangapi waliobaki mvua za kupanda ziliponyesha, na walioacha waliacha kwa nini. Kisha hurudi ofisini akakuta tasnifu za kusoma, kikao cha kamati kinachomngoja, na barua ya wizara inayotaka ushauri kufikia kesho.

Anayoyachunguza

Wanaodhani kwamba hii ni kazi ya huduma tu, isiyo na nadharia, wanapaswa kumtazama Peter Jarvis wa Chuo Kikuu cha Surrey, aliyefariki mwaka wa 2018. Jarvis alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kabla ya kuwa profesa, na mwaka wa 1982 alishiriki katika kuanzisha jarida la kimataifa la elimu ya maisha yote. Wakati huo maelezo yaliyotamba kuhusu namna mtu anavyojifunza yalikuwa ya Mmarekani David Kolb: mtu hupata tajriba, huitafakari, huunda dhana, huijaribu, kisha mduara huanza upya. Jarvis hakuyapinga kwa kukaa mezani peke yake. Aliwapa watu wazima katika warsha zake mduara huo, akawaomba waulinganishe na maisha yao wenyewe na kuuchora upya. Wakamwonyesha kwamba njia si moja. Mtu anaweza kupitiwa na jambo zito asijifunze lolote. Mwingine hujifunza bila kutafakari, kama anavyojifunza mtoto wa fundi kwa kutazama mikono ya baba yake. Mwingine huelewa vizuri lakini akakataa. Kutokana na michoro hiyo Jarvis aliunda nadharia yake, akaichapisha mwaka wa 1987, na akaendelea kuirekebisha kwa miaka mingi. Wanafunzi ndio waliokuwa maabara yake na ndio waliokuwa wakaguzi wake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania. Mwaka huo huo mtafiti kijana kutoka Amerika Kaskazini, Budd Hall, alijiunga na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mjini Dar es Salaam, na akashuhudia kampeni ya afya ya mwaka wa 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 vikundi vya wanavijiji vilikutana kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kijitabu cha Kiswahili, kujadiliana, na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na takriban watu milioni 2 walishiriki.

Hall alikuwa amefunzwa utafiti wa hojaji. Akiwa Tanzania akagundua kwamba mazungumzo ya kawaida na wanavijiji yalimfunulia mambo ambayo hojaji haikuyagusa. Kutokana na utambuzi huo, pamoja na kazi ya watafiti wengine waliokuwa Tanzania kama Marja-Liisa Swantz, likazaliwa wazo la utafiti shirikishi: kwamba wanaochunguzwa wana haki ya kushiriki katika kuuliza swali, kulichambua na kuyatumia matokeo. Hall aliondoka Dar es Salaam na wazo hilo, na baadaye akawa profesa katika vyuo vya Kanada. Leo utafiti shirikishi unafundishwa duniani kote, na wanafunzi wa Afrika Mashariki hununua vitabu vyake kutoka ng'ambo bila kujua kwamba mizizi yake mojawapo iko katika vijiji vya Tanzania.

Jambo la tatu linalomshughulisha profesa huyu ni sababu. Mtoto hupelekwa shuleni. Mtu mzima hujipeleka. Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi wa Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, vyombo vya habari viliona kioja cha mzee ndani ya kaptura. Mtaalamu wa elimu ya watu wazima huona jambo jingine. Maruge alitaka kujisomea Biblia mwenyewe ili ajue kama mhubiri anasema yaliyomo, na alitaka kujua hesabu ili asipunjwe. Hizo ni sababu za mtu aliyechoka kutegemea macho ya wengine. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipomfukuza kwake hadi kambini, aliendelea kusoma. Alifariki mwaka wa 2009. Hakuna mtaala wa watoto unaoweza kueleza ari hiyo. Inahitaji mtu aliyeifanya kuwa swali la maisha yake.

Mizani ya chuo

Sasa mtu huyu hupimwaje? Katika vyuo vikuu vingi mhadhiri hupandishwa cheo kwa idadi ya makala katika majarida yenye wahakiki, kwa vitabu, kwa fedha za utafiti alizozileta, na kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu aliowasimamia. Huduma kwa jamii huja mwishoni, kwa alama chache. Mizani hii inamfaa mwanakemia. Kwa profesa wa elimu ya watu wazima, inamwadhibu kwa kila Jumamosi aliyokaa kituoni badala ya kukaa mezani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hapa mcheza kwao huulizwa alichapisha wapi.

Watetezi wa mizani ya sasa wana hoja, na ni haki isikilizwe. Husema kwamba makala yana wahakiki, kwa hiyo ubora wake unathibitika, ilhali huduma kwa jamii ni rahisi kudaiwa na ngumu kuthibitishwa. Yeyote aliyehutubia kikundi cha akina mama mara moja anaweza kuandika kwamba alifundisha jamii. Hoja hii ina uzito, lakini inachodai ni njia bora ya kuthibitisha. Haidai kwamba kazi yenyewe ipuuzwe. Kijitabu cha kujisomea kinaweza kutathminiwa na wahakiki wawili kama makala yanavyotathminiwa. Kituo cha kisomo kina rejista ya majina, na walimu waliofunzwa wanaweza kuulizwa walichopata na wanachokitumia. Isitoshe, mifano ya Jarvis na Hall inaonyesha kwamba katika taaluma hii kazi ya nje na kazi ya mezani haziachani. Ukimkata profesa kutoka kituoni, umeikausha pia chemchemi ya makala yake.

Mwanafunzi wa fasihi ana mfano wake mwenyewe, nao ni Kamiriithu. Mwaka wa 1976 mwanamke wa kijiji hicho kilichoko Limuru alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akamwuliza kwa nini yeye na wasomi wenzake hawakipi kijiji sehemu ya elimu yao. Kituo kilichopatikana kilianza na darasa la kisomo cha watu wazima, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ akiwa mstari wa mbele katika kuliongoza. Waliojifunza kusoma walihitaji kitu cha kusoma na cha kufanya, na kutokana na haja hiyo ukazuka mchezo wa kuigiza wa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji walioujua maisha wa viwandani na mashambani waliurekebisha mswada, waliijenga jukwaa kwa mikono yao, na wakaigiza wenyewe. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku mwezi uliofuata, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amezuiliwa bila kushtakiwa. Leo, baada ya kifo chake mwaka wa 2025, Kamiriithu hufundishwa katika vyuo vya mabara yote kama tukio kuu katika historia ya tamthilia ya Afrika. Fomu ya kupandishwa cheo ya mwaka wa 1977 ingeliandika wapi jambo hilo? Katika safu ya huduma kwa jamii, kwa alama mbili au tatu.

Kiswahili kinahusika vipi

Yamkini mtu atauliza jarida la Kiswahili linatafuta nini katika mambo ya seneti na kamati. Jibu liko katika lugha yenyewe. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwezekana kwa sababu kijitabu kimoja na kipindi kimoja cha redio kilieleweka kutoka pwani hadi bara. Hapo Kiswahili hakikuwa pambo la utaifa. Kilikuwa chombo cha kazi. Ni kweli kwamba Kenya ina hali yake. Mwanakisomo wa Turkana au Marsabit huenda akahitaji kuanza kwa lugha ya mama, na mafanikio ya Kamiriithu yenyewe yalikuwa ya Gĩkũyũ. Lakini hatua inayofuata, ya kutoka lugha ya nyumbani kwenda kwenye lugha ya soko, ya hospitali, ya redio na ya ujumbe wa M-Pesa, ni hatua ya Kiswahili.

Uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uwezo wa kusoma na kuandika. Zaidi ya theluthi moja hawakuwa nao. Na anayejifunza herufi akikosa cha kusoma huzisahau. Hapo ndipo aibu ya idara za Kiswahili inapojitokeza. Kila mwaka tasnifu huandikwa kuhusu dhamira, wahusika na mitindo ya riwaya, zikajaa vumbi rafuni, wakati mama wa kituo cha kisomo anasoma kitabu cha hadithi kilichoandikiwa mtoto wa darasa la pili. Mtu aliyezika, aliyeoza mabinti, aliyesimamia shamba na kesi za ukoo, anapewa hadithi ya paka na panya.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kulirekebisha jambo hili bila kungoja wizara. Kila mwanachama wa uzamili anaweza kuandika kijitabu cha kurasa 16 kwa lugha sahili na maudhui ya watu wazima: mkataba wa shamba, dawa ya sukari, wasia, mkopo wa chama, historia ya mji wake. Profesa wa elimu ya watu wazima atakijaribu vituoni na kurudisha maoni ya wasomaji, na idara ikihesabu kazi hiyo katika alama za mwanafunzi, itakuwa imemtangulia hata mhadhiri.

Kazi ya istilahi nayo ipo. Mwaka wa 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi aliyejifunza kazi chini ya mwembe au kwenye jua kali aweze kutahiniwa na kupewa cheti. Fundi huyo anaijua kazi yake kwa Kiswahili cha gereji. Akikutana na mtahini mwenye fomu za Kiingereza kitupu, ataonekana mjinga wa jambo analolifanya kila siku. Nani atakusanya msamiati wa gereji, wa ushonaji na wa ujenzi, ausanifishe bila kuuua, kama si wanafunzi wa Kiswahili? Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2023, nacho hakiwezi kuwa huria kweli ikiwa lango lake ni la lugha moja ya kigeni.

Vyuo vikuu vya Kenya viliwahi kumfungulia mtu mzima mlango mpana, pale masomo ya jioni ya kujilipia yalipoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi walifaidika, na haifai kulikana hilo. Hata hivyo, mtu mzima alipokelewa zaidi kama mlipa karo kuliko kama mwanafunzi mwenye namna yake ya kujifunza, na mihadhara aliyopewa usiku ilikuwa ile ile waliyopewa vijana asubuhi. Profesa ambaye angewashauri wakuu wa vyuo kuhusu tofauti hiyo alikuwamo humo humo chuoni, akihesabiwa makala yake.

Seneti na zianze kwa jambo dogo linaloweza kutekelezwa muhula ujao: kijitabu kilichohakikiwa na kutumika vituoni kihesabiwe kuwa chapisho, na mafunzo ya walimu wa kisomo yaliyothibitishwa yahesabiwe kuwa ufundishaji. Wanafunzi wa Kiswahili nao waanze na kurasa zao 16, na neno ngumbaru walitamke bila kicheko.